Silmiya: Komredi wa Nyeri, Sudan Inakuhusu



Nawaandikia makomredi wa Kimathi na Karatina, wa Nyeri Poly, wa Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru. Nawaandikia pia vijana wa Majengo na Skuta ambao hawako chuo lakini simu zao zina bando kila siku. Someni mpaka mwisho, kisha mkitaka kunilaumu, nilaumuni.

Nina swali moja. Kwa Gaza tulitoka. Tulivaa skafu, tukabeba bendera, tukasoma kunuti, tukajaza status kwa miezi. Ilikuwa haki na bado ni haki. Sasa niambie, tarehe 26 Oktoba 2025 ulifanya nini? Siku hiyo mji wa El Fasher, Darfur, ulianguka mikononi mwa wanamgambo wa RSF baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya siku 500. Watu walikuwa wamefika mahali pa kula chakula cha mifugo. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasema kuna ripoti kwamba wagonjwa na wanaowauguza zaidi ya 460 wameuawa ndani ya hospitali ya uzazi. Wanaoswali. Watu wa kibla chako.

Jumuiya ya wanafunzi Waislamu chuoni kwako ilisema nini? Ijumaa iliyofuata ulisikia nini?

Mimi nilisikia kimya. Nilipouliza, nikajibiwa, "Hiyo ni fitna ya Waislamu kwa Waislamu, tuwaachie wenyewe."

Tuongee ukweli, hata kama unauma. Adui akiwa na jina geni, sisi ni simba. Adui akiitwa Mohamed Hamdan Dagalo au Abdel Fattah al-Burhan, ghafla tunakuwa wanazuoni wa fitna. Kwani damu ya mama wa Darfur inakuwa nyepesi kwa sababu aliyeimwaga anajua Fatiha? Kujiepusha na fitna ni kutochukua upande wa dhalimu mmoja dhidi ya mwenzake. Hakuna mahali tuliambiwa tumwache aliyedhulumiwa peke yake.

Na hapo ndipo wengi mnakosea. Mnadhani Sudan ina pande mbili tu, jenerali huyu na jenerali yule, kwa hivyo ama uchague mmoja ama unyamaze. Kuna upande wa tatu. Ulikuwepo kabla ya vita na bado upo. Ni upande wa vijana kama wewe.

KABLA YA VITA KULIKUWA NA WANAFUNZI

Oktoba 1964 polisi waliingia Chuo Kikuu cha Khartoum kuvunja mkutano wa wanafunzi. Mwanafunzi mmoja, Ahmed al-Qurashi, akapigwa risasi akafa. Mazishi yake yakageuka maandamano, maandamano yakazaa mgomo wa nchi nzima, na utawala wa kijeshi wa Jenerali Abboud ukaondoka. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 iliyopita. Watu wasikudanganye kwamba demokrasia ni kitu Wasudani waliletewa na wazungu.

Twende Desemba 2018. Bei ya mkate imepanda mara tatu. Katika mji wa Atbara, mji wa reli, wanafunzi na wakaazi wanaingia barabarani. Kutoka hapo moto unasambaa nchi nzima. Kila mtaa unaunda kamati yake ya upinzani. Ni majirani, wanafunzi, mafundi, akina mama wanaouza chai. Neno lao lilikuwa moja: silmiya. Yaani, sisi ni watu wa amani. Polisi akirusha vitoa machozi, jibu ni silmiya. Kijana akiokota jiwe, wenzake wanamshika mkono, silmiya.

Tarehe 6 Aprili 2019 walifika makao makuu ya jeshi Khartoum wakakaa chini. Hawakuondoka. Walipika pale, wakaswali pale, wakafundishana pale. Mwanafunzi wa usanifu majengo wa miaka 22, Alaa Salah, akapanda juu ya gari akiwa na thobe lake jeupe na dunia nzima ikaona picha. Tarehe 11 Aprili, Omar al-Bashir, aliyetawala miaka 30 akijificha nyuma ya jina la dini yetu, akaondolewa.

Kisha asubuhi ya tarehe 3 Juni 2019, Ramadhani ikiwa inaisha na watu wakijiandaa kwa Idd, wenye bunduki wakavamia kambi ile. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Miili mingine ilitupwa mtoni Nile. Intaneti ikazimwa kwa zaidi ya mwezi. Utakumbuka, kama ulikuwa mtandaoni wakati huo, picha zilivyogeuka buluu. Ilikuwa kumkumbuka Mohamed Mattar, kijana wa miaka 26 aliyeuawa siku ile. Hata wewe uligeuza yako. Halafu tukasahau.

Wao hawakusahau. Bila intaneti, wakipitisha habari mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba, waligoma nchi nzima, na tarehe 30 Juni wakarudi barabarani kwa mamia ya maelfu. Agosti 2019 majenerali wakalazimika kutia sahihi kugawana madaraka na raia.

"LAKINI SILMIYA ILISHINDWA"

Najua unachotaka kusema. Si wako wapi sasa? Tarehe 25 Oktoba 2021 Burhan na Hemedti walipindua serikali ya raia wakiwa pamoja. Tarehe 15 Aprili 2023, Ramadhani tena, wakaanza kupigana wao kwa wao juu ya nani awe mkubwa. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukihesabu zaidi ya watu milioni 12 waliokimbia makwao. Kwa hivyo amani haisaidii, sivyo?

Hebu angalia tena. Silmiya ilimtoa dikteta wa miaka 30 kwa miezi minne. Bunduki, kwa zaidi ya miaka miwili ya vita, imeleta nini? Imebomoa Khartoum, imechoma Darfur, na majenerali bado wako. Ukiniuliza ni njia gani iliyoshindwa Sudan, jibu langu ni ya bunduki.

Na vijana wale hawakuyeyuka. Kamati nyingi za mitaa ziligeuka kuwa vyumba vya dharura. Wanapika chungu kimoja kikubwa cha mtaa, wanatafuta dawa, wanatoa majeruhi chini ya mabomu. Pande zote mbili zimewakamata na kuwaua wengine, manake mtu anayelisha watu bila kuomba ruhusa ya jenerali ni tishio kwa jenerali. Mapema 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, mamia ya majiko hayo yalifungwa. Mengine yaliendelea kwa senti za watu wa kawaida. Mwaka huohuo walipewa tuzo ya Rafto ya Norway na ile ya Right Livelihood ya Sweden.

Wapo vijana wa kamati waliochukua silaha vita vilipofika mlangoni kwao. Siwahukumu, mimi nalala Nyeri bila mzinga kupita juu ya paa. Lakini kila anayechukua bunduki Sudan huishia chini ya jenerali mmoja au mwingine. Ndiyo maana wengi waliobaki na chungu cha mtaa wamekataa.

NAIROBI, 18 FEBRUARI

Sasa tuje nyumbani, hapa ndipo mtu wa Nyeri hana pa kujificha.

Tarehe 18 Februari 1957 Waingereza walimnyonga Dedan Kimathi. Chuo kilicho hapa kwetu kinabeba jina lake. Sanamu yake iko Nairobi. Kila mwaka tarehe hiyo wanasiasa wetu wanakumbuka ghafla kwamba walipenda uhuru.

Tarehe 18 Februari 2025, siku hiyohiyo, RSF na washirika wao walikusanyika katika jumba la KICC, Nairobi, kuzindua mpango wa kuunda serikali yao. Siku chache baadaye mkataba ukatiwa sahihi hapohapo Nairobi. Hii ni baada ya Marekani kutangaza Januari kwamba RSF wametenda mauaji ya kimbari Darfur, na baada ya mauaji ya Wamasalit wa El Geneina mwaka 2023. Serikali yetu ilijitetea kwamba Kenya inatoa tu uwanja wa mazungumzo. Mazungumzo gani yana upande mmoja? Mwaliko wa kamati za mitaa ulikuwa wapi? Wale waliopika chungu walikaa kiti gani?

Halafu Juni 2025, Bellingcat na NTV wakaripoti juu ya masanduku ya risasi yenye maandishi ya wizara yetu ya ulinzi, yaliyoonekana katika ghala linaloaminika kuwa la RSF. Wizara ilikana. Sawa, wamekana. Lakini mimi na wewe tunalipa kodi, na tuna haki ya kupewa jibu la maandishi lenye sahihi, si taarifa ya habari ya saa moja.

Ndiyo maana nakataa hii hoja ya "mambo ya Sudan tuachie Wasudani". Tungekuwa tumewaachia kweli, KICC ingekuwa imefungwa siku ile.

SHOSHO NA CHAI

Tulipokaa kimya saa kumi jioni pale Whispers Park na mabango yetu ya mkono, tulikuwa watu 17. Chuo kimoja kilikuwa kimetunyima ukumbi, ati jambo hilo ni "nyeti". Basi tukatoka nje. Shosho mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaja akasimama mbele ya bango, akasoma polepole. Akauliza, "Sudan si ndio wale wananunua majani chai yetu?"

Nilishangaa. Sisi tumekaa na vyeti vyetu tunaeleza mapinduzi, yeye kwa sentensi moja amefika.

Ndio hao, shosho. Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Machi 2025, kwa hasira ya mkutano wa KICC, serikali ya jeshi la Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Makontena yakakwama. Mtu anayechuma chai Othaya, Tetu au Mathira alfajiri na baridi hakuulizwa kama anataka kuwa mwenyeji wa wanamgambo. Gharama ndiyo ikamfikia. Na kuna Wasudani wasio na hatia waliokosa kikombe cha chai kwa amri ya jenerali wao. Wakubwa wanakosana, anayelipa ni mchuma chai wa Tetu na mnywaji chai wa Port Sudan.

Kwa hivyo mtu akikuambia unajiingiza katika mambo ya Waarabu, mwambie aulize bonasi ya chai ya nyumbani kwao.

KWA NINI BILA JIWE

Siku ile ile ya Whispers Park kijana mmoja, mtu wangu kabisa, alikuja na tairi. Nikamuuliza la nini. Akasema, "Maandamano bila moshi hayaonekani." Tukabishana dakika ishirini. Mwishowe tairi likarudi nyuma ya kibanda, yeye akakaa, lakini najua hakukubali. Wengi wenu pia hamjakubali, kwa hivyo nieleze.

Kwanza, sisi ni wachache katika miji hii. Mwislamu wa Nyeri, Kerugoya au Embu akishika jiwe mkono mmoja na bendera ya nchi ya Kiarabu mkono wa pili, kesho yake gazeti halitaandika neno Sudan. Litaandika neno lingine, unalijua. Tumeona vijana wetu wakichukuliwa kwa tuhuma tu na familia zikizunguka vituo vya polisi kwa wiki. Usiwape karatasi ya kuandikia.

Pili, tumejifunza Juni 2024 na Juni 2025. Vijana walitoka na simu, bendera na chupa za maji. Magenge ya kukodiwa yakaingizwa, maduka yakavunjwa, na jioni mjadala ukawa ni maduka badala ya waliouawa. Jiwe lako ndilo wanalolisubiri. Usipolirusha, watamlipa mwingine alirushe, na hapo unahitaji watu wa nidhamu wa kumtenga na kumrekodi.

Tatu, utakuwa unawaunga mkono Wasudani kwa njia waliyoikataa wao wenyewe. Waliopigwa risasi wakisema silmiya, wewe utawakumbuka kwa kuchoma duka la jirani?

Najua utanitajia Kimathi. Kimathi alishika bunduki msituni dhidi ya mkoloni aliyefunga kila mlango mwingine. Simpunguzii. Lakini Nyeri hiihii ilimzaa pia Wangari Maathai wa Ihithe. Mwaka 1992 alikaa Uhuru Park pamoja na akina mama waliokuwa wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa. Walifunga kula. Polisi waliwapiga, akapoteza fahamu. Wakahamia kanisani, wakakaa karibu mwaka mzima. Walipomaliza, mapema 1993, wafungwa wale karibu wote walikuwa wameachiwa. Wazee wa kike bila hata fimbo. Usiniambie kukaa chini ni uoga.

TUFANYE NINI

Hasira bila kazi ni kelele. Hivi ndivyo vitu vitano unavyoweza kuanza wiki hii.

1. Acha kusambaza video za kuchinjwa. Wauaji wa El Fasher walijirekodi wenyewe kwa sababu wanataka uogope. Wewe ukisambaza unawafanyia kazi. Kama ni ushahidi, uhifadhi, uupeleke kwa mashirika yanayokusanya ushahidi. Unachosambaza kiwe majina ya miji, tarehe, na kazi ya vyumba vya dharura.

2. Usichague jenerali. Bendera yako iwe ya Sudan, maneno yako yawe ya waliotoka 2019: uhuru, amani, haki. Jeshi nalo limelipua masoko kwa ndege. Anayekuletea "takbir" kwa ajili ya Burhan, mkatalie. Umoja wa Falme za Kiarabu unatuhumiwa kuwapa RSF silaha na unakana. Taja tuhuma kama tuhuma, usiongeze chumvi. Na kumchukia kila Mwarabu au kila Mdarfuri unayekutana naye si msaada, ndiyo sumu iliyowaua Wamasalit.

3. Andika. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo kwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Uliza: nani aliidhinisha mkutano wa KICC, nani aliulipia, na masanduku yale ni ya nani? Mpelekee nakala mbunge wako, awe wa Nyeri Mjini, Mathira, Tetu, Kieni au Laikipia Mashariki. Omba akugongee muhuri kwenye nakala yako.

4. Kaeni chini hadharani. Kifungu cha 37 kinalinda kukusanyika kwa amani bila silaha. Mpelekeeni OCS notisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Hiyo ni taarifa, hamuombi ruhusa. Iwe mchana, kabla ya saa kumi na mbili. Teueni wasimamizi, watu wa kurekodi, na mtu mwenye namba ya wakili. Tulikuwa 17. Karatina ikitoa 17, Nanyuki 17, Chuka 17, siku moja saa moja, huo si mchezo tena. Na waalikeni wenzenu wa dini nyingine. Makomredi wengi Wakristo wana uchungu na Sudan kuliko nyinyi mnaonyamaza.

5. Changeni, lakini kwa mpango. Wakora wa M-Pesa wanajua roho yako ni laini. Usitume kwa namba uliyoona kwenye picha. Jumuiya ichague watu watatu, wathibitishe njia inayofikia majiko, watoe hesabu mbele ya watu. Hata kama ni pesa ya smokie ya wiki moja.

Mwisho niseme nawe uso kwa uso, wewe unayesoma hii usiku hosteli na kesho una kati. Hutaimaliza vita ya Sudan, hata mimi siwezi. Lakini kuna kijana wa umri wako Omdurman, chuo chake kimefungwa, amebaki akikoroga chungu cha dengu cha mtaa mzima. Aliamini kwamba nchi inaweza kubadilika bila kuua mtu, na amelipia imani hiyo kuliko sisi. Wenye bunduki walipotafuta ukumbi, Nairobi iliwapa. Yeye akitafuta sauti, Nyeri itampa nini?

Ijumaa hii baada ya swala, usiondoke mbio. Simama na wenzako watano mlangoni, mpange tarehe, na mwandike notisi ya OCS hapohapo.

Silmiya. Wabillahi tawfiq.